Maswali ya Wasomaji: Kesi ya Uhalifu wa Kivita Huanzia Kijijini

Barua za mwezi huu zimetoka Goma, Uvira, Mwanza, Nakuru, Mombasa, Bujumbura na Bunia. Kila moja ina uchungu wake, lakini zote zinagusa sheria ileile: ile inayosema kwamba mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya binadamu, uhalifu wa kivita na uchokozi wa nchi dhidi ya nchi si mambo ya ndani ya taifa moja, na kwamba anayeyatenda atajibu yeye mwenyewe kwa jina lake.

Jambo sana wahariri. Kaka yangu alirekodi kwa simu watu wenye silaha wakichoma nyumba mtaani kwetu. Video imezunguka WhatsApp mpaka imeturudia ikiwa na maandishi na muziki. Bado inafaa mahakamani? Tuipeleke wapi? — Msomaji, Goma

Pole sana kwa yaliyowapata. Hiyo iliyorudi na muziki iacheni. Yenye thamani ni faili ya kwanza, ile ambayo bado imo ndani ya simu ya kaka yako. Video ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na taarifa zilizojificha ndani ya faili (saa ya kurekodi, aina ya simu, mahali kama GPS ilikuwa imewashwa) hupotea. Wakili wa utetezi ataanzia hapo: nani alirekodi, lini, wapi, na nani aliigusa baadaye? Mkikosa majibu, majaji wanaweza kuiona haina uzito hata kama mtaa mzima unajua ni ya kweli.

Fanyeni hivi leo. Msiikate, msiipe jina jipya, msiifute hata kama simu imejaa. Inakilini kwa waya kwenye kompyuta, kisha kwenye memori kadi mbili, na moja ikae mbali na nyumbani. Pasipo na kompyuta, itumeni kama hati badala ya kuituma kama video. Hapo faili haibanwi. Kaka yako achukue daftari aandike kwa mkono wake: alisimama wapi, alielekea upande gani, saa ngapi, aliona nini kabla na baada ya kurekodi. Kila kadi inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, tarehe na sahihi za wote wawili ziingie kwenye daftari hilo. Mkipata kijana anayejua kompyuta, atoe alama ya faili kwa njia ya SHA-256. Ni mfuatano wa herufi na tarakimu 64 ambao hubadilika wote hata ukigusa nukta moja tu ya picha. Uandikwe daftarini. Miaka kumi baadaye mtaalamu ataupima tena, na ukilingana, hakuna atakayesema faili imechezewa.

Ikitokea tena, uhai kwanza. Kama kuna usalama wa kurekodi, picha ianze na kitu kisichohama: mnara wa kanisa, kilele cha Nyiragongo, kona ya barabara. Geuza simu polepole, na usitaje kwa sauti jina la jirani aliyejificha.

Jambo moja msilifanye kabisa: kuwahoji waathiriwa ninyi wenyewe, tena na tena. Kila maelezo yakiandikwa na mtu tofauti hutoka na tofauti ndogo, na tofauti hizo ndizo silaha ya utetezi. Kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi lenye silaha la Ituri, mashariki mwa Congo, ya kwanza kufika hukumu katika Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, ICC, iliponea chupuchupu kwa sababu ya namna hiyo. Alishtakiwa kwa kuandikisha na kutumia watoto wa chini ya miaka 15 katika vita vya Ituri. Januari 2009 shahidi wa kwanza, kijana, alitoa ushahidi kisha siku hiyohiyo akaukana. Mwishowe majaji waliona kwamba upande wa mashtaka uliwaachia watu wa kati kazi ya kutafuta mashahidi bila kuwasimamia, na ushuhuda wa vijana walioletwa kama watoto askari ukawekwa kando. Kilichobeba uzito ni mashahidi wengine na video, hasa ile ya tarehe 12 Februari 2003 katika kambi ya Rwampara: Lubanga anazungumza na kuruti, na miongoni mwao wamo watoto ambao jicho la kawaida linaona hawajafika 15. Alitiwa hatiani tarehe 14 Machi 2012 na kufungwa miaka 14.

Kuhusu kuituma, ofisi ya Mwendesha Mashtaka wa ICC ina mlango wa intaneti unaoitwa OTPLink. Mtu yeyote anaweza kutuma, bila malipo na bila wakili. Oktoba 2024 ofisi hiyo ilitangaza kuufufua uchunguzi wake Congo, mkazo ukiwa Kivu Kaskazini na uhalifu unaodaiwa kutendwa tangu Januari 2022, kwa hiyo mnachotuma hakiendi kwenye jalada lililofungwa. Lakini jueni ngazi zilivyo. Kuanza uchunguzi kunahitaji msingi wa kuridhisha. Hati ya kukamatwa inahitaji sababu za kuridhisha za kuamini kuwa mtu huyo ametenda. Kuthibitisha mashtaka kunahitaji sababu nzito. Hatia inahitaji ushahidi usioacha shaka. Video zinaweza kupanda ngazi ya pili kirahisi kuliko ya nne: mwaka 2017 ICC ilitoa hati dhidi ya Mahmoud al-Werfalli, kamanda wa Libya, ikitegemea sana video saba za mauaji zilizowekwa mitandaoni. Aliuawa Benghazi mwaka 2021 kabla ya kufikishwa kortini, kwa hiyo video zile hazikuwahi kupimwa katika ngazi ya mwisho.

Mimi ni muuguzi. Tunapokea wanawake na watoto waliobakwa na wenye silaha. Tunawatibu, tunaandika, lakini hatujui kama tunachoandika kina maana siku ya kesi. — Muuguzi, Uvira

Dada yetu, daftari lako lina maana kuliko unavyodhani. Tuseme kwanza lililo lako kila siku: tiba hutangulia. Dawa ya kuzuia VVU ianze ndani ya saa 72, na mgonjwa asicheleweshwe hata dakika kwa ajili ya polisi. Ushahidi unakusanywa ndani ya matibabu yaleyale, kwa ridhaa yake.

Nguo aliyokuja nayo usiifue, wala usiitie kwenye mfuko wa plastiki. Plastiki hushika unyevu, ukungu huota, na chembe za mwilini huoza. Iache ikauke kivulini, kila nguo kwenye mfuko wake wa karatasi, ufunge, andika tarehe, saa, namba ya jalada na jina lako, kisha uweke sahihi pale karatasi inapofungwa ili anayefungua aonekane. Maneno yake yaandike kama alivyoyasema, ndani ya alama za nukuu, kwa lugha aliyotumia. Akisema kwa Kiswahili cha Kivu, yabaki kwa Kiswahili cha Kivu. Jeraha liandikwe kwa sentimita na mahali lilipo mwilini. Usiandike hitimisho la kisheria, “amebakwa” au “hakubakwa”; andika ulichokiona na kama kinalingana na anachoeleza. Na pasipoonekana jeraha, andika wazi kwamba kukosekana kwake hakukanushi maelezo. Kanuni za ICC zinasema makosa ya kingono hayahitaji ushahidi wa pili wa kuunga mkono, na kunyamaza kwa mwathiriwa hakuhesabiwi kuwa ridhaa. (Wasomaji wa Tanzania: kwenu fomu ni PF3, Kenya ni P3. Kwa mhudumu anayeijaza, mashauri ni yaleyale.)

Mfano uko jirani nawe. Huko Kavumu, Kivu Kusini, kati ya 2013 na 2016 watoto wa kike waliibwa usiku kutoka vitandani mwao na kubakwa, wengine wakiwa hawajaanza hata shule. Muda mrefu kila tukio lilikuwa na jalada lake, kama kosa la mtu mmoja asiyejulikana, na majalada yakalala. Madaktari wa hospitali ya Panzi, waliowatibu, waliona mtindo mmoja unaojirudia. Mashauri yalipokusanywa pamoja, ikawezekana kuonyesha kile sheria inachodai ili kosa liwe uhalifu dhidi ya binadamu, yaani shambulio lililoenea au lililopangwa dhidi ya raia. Mahakama ya kijeshi ilihamia Kavumu kwenyewe ikaketi huko. Mashahidi walifunikwa uso na sauti zao zikabadilishwa, na watoto hawakuletwa kizimbani. Maelezo yao yaliyorekodiwa mapema kwa video ndiyo yaliyotumika. Tarehe 13 Desemba 2017, Frederic Batumike, mbunge wa mkoa aliyeongoza kundi la Jeshi la Yesu, na wenzake kumi walihukumiwa kifungo cha maisha. Tarehe na saa zilizoandikwa na watu wa kazi yako ndizo zilizoyafungamanisha majalada yale.

Wanangu wahariri, hamjambo? Mwanangu ni askari na anatarajiwa kwenda kulinda amani nje. Nina hofu: akiamriwa na mkubwa wake kumpiga mtu asiye na silaha, akatii, nani mwenye kosa? — Mama, Mwanza

Shikamoo mama. Wote wawili wanaweza kujibu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Roma, ule ulioiunda ICC, tarehe 20 Agosti 2002, na ibara ya 33 ya mkataba huo haimpi askari kinga kwa kusema “niliamriwa”. Inamwondolea lawama tu kama mambo matatu yapo kwa pamoja: sheria ilimlazimu kutii, hakujua kuwa amri ni haramu, na uharamu wake haukuwa dhahiri. Amri ya mauaji ya kimbari au ya uhalifu dhidi ya binadamu huhesabiwa kuwa haramu waziwazi siku zote. Kumpiga risasi mateka aliyefungwa mikono, nani atasema hakujua?

Mkubwa naye, ibara ya 28 inambana hata kama hakutamka amri, mradi vikosi viko chini ya mamlaka yake, alijua au alipaswa kujua, na hakuchukua hatua zilizo ndani ya uwezo wake kuzuia, kuadhibu au kupeleka shauri kwa wanaohusika. Neno “ndani ya uwezo wake” lina uzito. Jean-Pierre Bemba, mwanasiasa wa Congo aliyekuwa na jeshi lake, alihukumiwa miaka 18 kwa matendo ya wapiganaji wake Jamhuri ya Afrika ya Kati, kisha Juni 2018 majaji wa rufaa, watatu dhidi ya wawili, wakamwachia, wakisema hatua alizochukua akiwa mbali hazikupimwa sawasawa. Sisi tunaona hukumu ile iliwapa makamanda walio mbali nafasi kubwa mno ya kujitetea, lakini ndiyo iliyopo. Mwambie mwanao: akiona kosa, aripoti kwa maandishi, aweke tarehe, na abaki na nakala.

ICC ilizifuta kesi za Kenya za ghasia za uchaguzi wa 2007. Hii si mahakama ya kutishia watu tu? Na kwa nini tungoje Wazungu The Hague watuamulie? — Msomaji, Nakuru

Kwanza, neno “kufutwa” litazamwe vizuri. Dhidi ya Uhuru Kenyatta, mwendesha mashtaka mwenyewe aliondoa mashtaka Desemba 2014 kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Dhidi ya William Ruto na Joshua Sang, tarehe 5 Aprili 2016 majaji wawili kati ya watatu walisitisha kesi bila kuwatia hatiani na bila kuwatangaza kuwa hawana hatia, kwa hiyo sheria haizuii mashtaka mapya. Miezi miwili nyuma majaji wa rufaa walikuwa wamekataa maelezo ya awali ya mashahidi waliogeuka au kutoweka yasitumike dhidi ya washtakiwa. Mashahidi wakianguka, kesi huanguka nao. Ndiyo sababu ibara ya 70 inafanya kumhonga au kumtisha shahidi kuwa kosa linalojitegemea, kifungo hadi miaka mitano.

Pili, hamtakiwi kungoja The Hague. Ibara ya 17 inaizuia ICC kuchukua shauri ambalo nchi inalishughulikia kwa dhati. Uganda imeonyesha: Thomas Kwoyelo, kamanda wa kundi la waasi la LRA, alikamatwa 2009, na kitengo cha uhalifu wa kimataifa cha Mahakama Kuu, kikiketi Gulu, kikamtia hatiani Agosti 2024 kwa makosa 44 na kumpa miaka 40. Kwenu Kenya ipo Sheria ya Makosa ya Kimataifa ya 2008. Ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2009, miezi kumi hivi baada ya ghasia za uchaguzi kwisha, na hofu ya kuirudisha nyuma ikawa kikwazo kikubwa cha kuitumia kwa mauaji yale. Lakini kwa yaliyofuata haina udhuru huo. Oktoba 2022 ofisi ya mashtaka ya umma iliidhinisha, chini ya sheria hiyo, mashtaka ya uhalifu dhidi ya binadamu kwa maafisa wa polisi kuhusu ghasia za 2017, katika kesi inayojulikana kwa jina la Baby Pendo, mtoto mchanga wa Kisumu aliyeuawa katika ghasia hizo. Hiyo ndiyo kesi ya kufuatilia, mkijaza viti vya mahakama kila inapotajwa. Kinachoua kesi za namna hii nyumbani ni kuahirishwa mpaka mashahidi wachoke, na viti vitupu hurahisisha kuahirisha.

Nchi yangu ilijitoa ICC. Je, yaliyotendwa kabla yamesamehewa? — Msomaji, Bujumbura

Hapana. Chini ya ibara ya 127 kujitoa huanza kazi mwaka mmoja baada ya taarifa, na hakufuti wajibu uliokwishakuwepo. Burundi ilitoka rasmi tarehe 27 Oktoba 2017, na siku mbili kabla majaji walikuwa wamesharuhusu uchunguzi wa makosa ya tangu 26 Aprili 2015 hadi 26 Oktoba 2017. Makosa haya pia hayapitwi na muda.

Wengi wameuliza kinyume chake: raia wa nchi ambayo haijawahi kujiunga, akivuka mpaka kuua katika nchi mwanachama? Kwa mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya binadamu na uhalifu wa kivita anashtakika, kwa kuwa ardhi ni ya mwanachama. Kosa la uchokozi peke yake, yaani uamuzi wa kiongozi kuishambulia nchi nyingine, limewekewa uzio: ICC haiwezi kulishughulikia kwa raia wa nchi isiyo mwanachama ila Baraza la Usalama likiamua. Ni pengo baya. Mpangaji wa vita anapona kwa lile kosa mama, na anaweza kufuatwa tu kwa yaliyotendeka ndani ya vita.

Wasomali waliokamatwa na manowari za kigeni maili nyingi kutoka pwani yetu walifungwa gereza la Shimo la Tewa. Mahakama ya Mombasa iliwapataje? — Msomaji, Likoni

Uharamia ndio kosa kongwe la aina hii: kila dola inaweza kumhukumu haramia wa bahari kuu. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, ibara ya 101, unataka vitu kadhaa viwepo: ukatili au wizi kwa maslahi binafsi, chombo kimoja dhidi ya kingine, nje ya maji ya nchi yoyote. Wakivamia ndani ya maili 12 za bahari kutoka pwani, hilo ni unyang'anyi wa kutumia silaha, na mwenye kesi ni nchi hiyo.

Wasomali kumi waliokamatwa na manowari ya Marekani Januari 2006 baada ya kuliteka jahazi la Safina Al Bisarat walihukumiwa Mombasa, miaka saba kila mmoja. Kisha tatizo likajitokeza kwenye vitabu vya sheria. Kifungu cha 69 cha Kanuni ya Adhabu kilitaja uharamia wa bahari kuu, lakini kifungu cha 5 kiliishia kwenye mamlaka ya Kenya na maji yake. Novemba 2010 Mahakama Kuu ilisema haina mamlaka, na ikachukua hadi tarehe 18 Oktoba 2012 Mahakama ya Rufaa kuutengua uamuzi huo. Karibu miaka miwili ya mashaka ilitokana na vifungu viwili visivyosemezana. Nchi inayotunga sheria kama hii na ianze na kifungu cha mamlaka, kabla hata ya adhabu. Shida ya pili haikuwa ya karatasi: mabaharia walioshuhudia hawakai bandarini, meli yao inang'oa nanga. Maelezo yao yachukuliwe kwa kiapo melini, na pasipoti na mkataba wao wa kazi vinakiliwe siku hiyohiyo.

Tuliambiwa tutapewa fidia. Kwa nini wengine wanapata dola 250 na wengine hawapati kitu? — Mzee wa Bunia

Mzee wetu, shikamoo. Fidia ya ICC hufuata hatia. Germain Katanga, kamanda wa wanamgambo, alitiwa hatiani Machi 2014 kwa shambulio la kijiji cha Bogoro, Ituri, la tarehe 24 Februari 2003. Machi 2017 majaji waliwatambua waathiriwa 297, kila mmoja dola 250 za ishara tu, pamoja na misaada ya pamoja ya makazi, shughuli za kipato, elimu na ushauri wa kisaikolojia. Katanga hakuwa na mali, kwa hiyo Mfuko wa Waathiriwa ndio ulioombwa kulipa. Bogoro ilipata kwa kuwa kulikuwa na hatia juu ya Bogoro. Kijiji cha pili, kilichochomwa wiki nyingine na watu wengine, hakimo ndani ya hukumu ile hata kama kilio ni kimoja. Katika shauri la Bemba, waathiriwa zaidi ya 5,000 walikuwa wamekubaliwa kushiriki. Alipoachiwa, njia ya fidia ya mahakama ikafungwa, wakabaki na misaada ya hiari ya Mfuko.

Wanaojaza fomu za waathiriwa sasa wazingatie majina. Kadi ya mpiga kura ikisema hivi, cheti cha ubatizo vile, na fomu ikaja na jina la tatu, maombi hukwama. Chagueni tahajia moja, ile ya kitambulisho, na majina mengine yaelezwe kwenye karatasi ya pembeni. Asiye na kitambulisho kabisa apate maelezo yenye sahihi za mashahidi wawili wanaoaminika. Majaji wameshakubali njia hiyo katika mashauri ya Congo. Fomu haiuzwi, na anayepita mitaani kuomba dola tano “za faili” mkatalieni na jina lake mlipeleke kwa wakili wa waathiriwa.